Oili Iliyovuka Mpaka

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimsaidia baba yake gerejini. Jina hilo la utani alilipata kwa haki, maana mdomo wake haukujua likizo. Alipanga spana, akafuta vyuma, na mawingu yalipotanda alibeba kopo la oili chafu na kuimimina mtaroni. Mafundi wote wa mtaa ule walifanya hivyo hivyo.

"Mwaga upesi, mwanangu, mvua itafagia," baba yake alisema.

Mvua ilifagia kweli. Iliifagia oili mpaka mji wa pili, kule bondeni, alikoishi shangazi yake mfuga bata. Jumapili Chiriku alipokwenda kumsalimia, alicheka hadi akashika mbavu. Bata weupe walikuwa weusi kama masizi ya sufuria!

"Unacheka?" shangazi aliuliza. "Wawili wamekufa. Kesho jioni wakubwa wa halmashauri za miji yote miwili wanakuja. Wanadai ni rangi za jirani yangu, yule mama anayetia rangi vitambaa. Watamfungia kazi."

Chiriku akagusa unyoya wa bata mmoja, akanusa kidole: ilikuwa oili ya gereji.

Kesho yake alifika mkutanoni na baba yake. Mabwana afya wawili, mmoja wa kila mji, walikunjua ramani zao. Ajabu ni kwamba katika kila ramani, mtaro ulikuwa wa mji mwingine! Walibishana mpaka jasho likawatoka, kisha wakakubaliana jambo moja tu: mtia rangi afunge kazi.

"Jamani, mimi rangi naimwaga kwenye shimo langu," mama yule alilia. "Nina watoto!"

Chiriku alimtazama baba yake. Akisema, baba ataaibika mbele ya watu. Akinyamaza, mama wa watu ataonewa.

"Si yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Ni oili ya gereji yetu. Mimi ndiye niliyeimwaga."

Watu wakaguna. Baba yake akasimama polepole.

"Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemtuma. Nisameheni."

Mabwana afya walitazamana kwa haya, wakakunja ramani. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepatana: mji wa juu utaweka pipa la oili chafu katika kila gereji, mji wa chini utaleta gari la kuikusanya oili hiyo, na mtaro watausafisha pamoja kabla ya kila msimu wa mvua.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu," mtia rangi alisema, akimkumbatia Chiriku.

Njiani Chiriku aliuliza, "Baba, umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia mwenyewe," baba alijibu. "Uchafu ukiutoa mlangoni kwako haujaisha, umemhamia mwenzako. Nilikuwa mtu mzima nisiyelijua hilo. Leo umeniaibisha, mwanangu, na ninakushukuru."