Safu Mbili za Chini

Desmond Furniss alikutwa amelala chali katika ghala la mawe nyuma ya kanisa la kijiji chetu, Wendlow, kisogo chake kimeegemea ukingo wa hori la jiwe. Wakati huo watalii kumi na wanne walikuwa wanamsubiri kwenye lango la makaburi ili awapeleke kuziona Nguzo Tisa.

Hakuwa mtu wa kuchelewa. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewatembeza wageni wetu: yale mawe ya kale ya Nguzo Tisa kule juu nyikani, daraja la farasi wa mizigo, maporomoko ya maji ya Lumb, na mwisho chemchemi tano za kijiji. Ilipotimu saa nne na robo asubuhi, Enid Froggatt, mama anayewauzia wageni chai na keki, alikwenda ghalani kumwita. Alirudi ameziba mdomo kwa aproni.

Inspekta Hester Cottrill aliwasili kutoka mjini Derby saa tano na nusu, akiwa na Sajini Oakes. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyevaa viatu vya mjini ambavyo vilijaa tope kabla hajaufikia mlango. Nusu ya kijiji ilikuwa imejipanga ukutani kama kuku wanaosubiri mtama. Aliwasalimia wote, akaingia.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti.

"Amekufa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi," alisema. "Fuvu limepasuka kisogoni."

"Ameanguka?"

"Ameanguka, lakini si peke yake. Tazama kifua."

Kwenye koti la marehemu palikuwa na madoa mawili ya udongo, moja kila upande wa vifungo. Viganja viwili vilikuwa vimemsukuma. Alama za vidole zilikuwa zimevurugika, hazikusomeka.

Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba. Inspekta aliifumbua taratibu. Ndani mlikuwa na petali tatu za buluu. Karibu na kiatu chake kopo la bati lilikuwa limepinduka, na petali nyingine za rangi hiyohiyo zilitapakaa sakafuni.

Pembeni, juu ya viunzi vya mbao, palilazwa ubao mpana kama mlango wa zizi. Ulikuwa umefunikwa shuka jeupe. Inspekta aligusa shuka. Lilikuwa bichi.

Aliagiza Enid aitwe.

"Hiki ni nini, mama?"

"Picha ya chemchemi, kipenzi." Enid humwita kila mtu kipenzi, hata mkusanya kodi. "Kila Julai tunazivisha chemchemi zetu. Unapaka ubao udongo wa mfinyanzi, halafu unabandika petali mojamoja kwa kidole mpaka picha itokee. Wageni wanatoka mbali kuja kuona. Hii ilikuwa ipelekwe chemchemini Jumamosi, kasisi aibariki."

"Shuka umelifunika wewe?"

"Mimi? Nilimwona Desmond, nikatoka mbio. Sikugusa kitu."

"Mbona lina maji?"

"Petali zikikauka zinajikunja. Ukitoka ghalani unalowesha shuka, unalikamua, unafunika. Hata nyumba yako ikiwaka moto, kipenzi, unafunika kwanza."

Inspekta alimgeukia sajini.

"Marehemu amekufa na petali mkononi. Alikuwa katikati ya kazi. Nani amefunika?"

"Aliyemsukuma, afande," alisema Oakes baada ya kufikiri. "Lakini mtu umeua, halafu unasimama kukamua shuka?"

"Mkono umefanya wenyewe. Kwa hiyo ni mkono uliozoea."

Wakaliinua shuka. Picha ilikuwa imekaribia kumalizika. Nguzo Tisa zilisimama juu kwa mbegu nyeusi, maporomoko yalishuka kwa petali nyeupe, na daraja la farasi lilikuwa la maganda ya miti. Kona ya chini kulia ulipita mto wa buluu. Enid aliutazama mto ule, kisha akayahamisha macho yake dirishani.

"Umeona nini?" aliuliza Inspekta.

"Sijaona kitu."

"Bibi Froggatt, huyu alikuwa rafiki yako."

Enid alijifuta macho. "Petali zinapangwa kuanzia chini kwenda juu, kama vigae vya paa. Ya juu inailalia ya chini, mvua ikinyesha inateremka tu. Hizi za mto zimeanzia juu. Zimekaa kinyume. Maji yataingia nyuma yake, siku moja tu udongo wote utaporomoka."

"Zote ziko kinyume?"

"Zote. Isipokuwa safu hizi mbili za chini kabisa. Hizi ziko sawasawa."

Inspekta aliinama. Juu ya zile safu mbili palikuwa na ukanda wa udongo mtupu, upana wa kiganja, wenye vishimo pale petali zilipokuwa zimeng'olewa.

"Nani anayetengeneza mto?"

Enid alitutazama sisi pale ukutani. Wote tulijua, na kwa mwaka mzima hakuna aliyelitamka mbele ya mgeni.

"Alwyn Heathcote. Kwa miaka arobaini ndiye fundi mkuu wa kazi hii. Ametufundisha sote, mimi, Desmond, kila mtu. Sasa akili inamtoka. Asubuhi nyingine hajui amevaa kiatu cha nani. Mkewe Muriel humleta, humkalisha hapa, naye hubandika."

"Yeye na Desmond walielewana?"

"Walikuwa kama ndugu. Lakini Desmond ndiye mwenyekiti wa kamati. Ijumaa iliyopita alisema kikaoni kwamba mkono wa Alwyn umekwisha, mto apewe mtu mwingine. Muriel alimsihi mbele yetu amwachie mwaka huu tu. Desmond akasema, 'Ikiwa mbovu, Muriel, haitoki ghalani.' Muriel akaondoka bila kuaga."

"Na petali hizi za kopo zimetoka wapi? Zina rangi kama ya safu hizi mbili, iliyokolea kuliko za juu."

Enid aliokota moja, akaigeuzageuza, uso ukabadilika.

"Hizi za kwa Desmond. Kichaka cha marehemu mkewe, Agnes, pale mlangoni. Hajawahi kumruhusu mtu kuchuma hata ua moja. Mwaka juzi nilimwomba, akanifungia mlango usoni."

Sajini Oakes alitumwa kuangalia. Alirudi baada ya dakika kumi.

"Kichaka kimebaki majani matupu, afande. Kimechumwa chote, leo asubuhi."

Inspekta aliirudia kona ya mto. Alisimama muda mrefu akizitazama zile safu mbili.

Nyumba ya akina Heathcote iko kando ya daraja la farasi, hatua mia moja hivi. Aliyefungua mlango alikuwa Alwyn mwenyewe, mzee mwembamba aliyevaa sweta nje ndani.

"Umekuja na Desmond?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Bi Muriel yupo?"

"Mwambie Desmond chai imeiva."

Muriel Heathcote alikuwa jikoni, mikono ndani ya karai la maji. Maji yalikuwa na rangi ya udongo.

"Mmekuja kwa ajili ya Desmond," alisema.

"Ulikuwa wapi leo kati ya saa mbili na saa tatu?"

"Hapa. Namlisha Alwyn uji."

"Hukwenda ghalani?"

"Hapana."

"Nani alifunika picha?"

Mikono ilitulia ndani ya maji.

"Mtu yeyote angefunika."

"Enid hakufunika. Alimwona Desmond akakimbia. Mtu yeyote angekimbia, Bi Muriel. Aliyefunika ni mtu ambaye picha ile ni kila kitu kwake. Mto ule ni wa mumeo."

Muriel alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Septemba wananichukulia Alwyn," alisema. "Anahamia nyumba ya wazee. Daktari amesema mimi peke yangu siwezi tena. Mara mbili ameanguka mtoni, mimi nimelala. Ana mambo mawili tu anayoyakumbuka, mimi na picha. Nilimwahidi hii ya mwisho ataimaliza, aione imesimama chemchemini, watu wamevua kofia. Baada ya hapo wamchukue."

"Leo asubuhi ilikuwaje?"

"Nilikwenda nikakoroga udongo nje ya ghala kabla sijamleta, kisha nikaingia. Nikamkuta Desmond ameinama pale konani. Anang'oa. Anang'oa petali za Alwyn na kuzitupa chini kama takataka. Nikamwambia, 'Kumbe ulikuwa unasubiri tugeuze kisogo.' Akageuka, akanyoosha mkono, akasema, 'Subiri, Muriel, tazama.' Sikutaka kutazama. Nilimsukuma kwa mikono miwili."

"Akaanguka."

"Nilisikia kichwa kikigonga jiwe. Nilimwita, hakuitika. Sijui kwa nini nilifunika shuka. Nimekuwa nafunika maisha yangu yote." Kisha akaongeza, "Alikuwa msimamizi wa harusi yetu. Sikutaka afe, Inspekta. Nilitaka aache kung'oa."

Inspekta Cottrill alimsomea haki zake kwa sauti ya chini. Sajini aliandika maelezo. Kazi ilikuwa imekwisha, na askari mwingine angemchukua mtuhumiwa akaondoka zake kula chakula cha mchana. Huyu alibaki amesimama, amekunja uso. Kulikuwa na jambo ambalo Muriel hakulijua, na Inspekta hakuwa na hakika kama kumwambia ni haki au ni ukatili.

"Naomba kitu kimoja," alisema Muriel. "Niione picha kabla hatujaondoka. Na Alwyn aione."

Maiti ilikuwa imekwisha kuondolewa, na wapiga picha wa polisi walikuwa wamemaliza kazi yao. Walitembea wote wanne, Muriel amemshika mumewe mkono, nasi pale ukutani tukawapisha. Hakuna aliyejua amtazame vipi.

Alwyn aliinamia ubao kama fundi anayekagua kazi ya wanafunzi. Alipita Nguzo Tisa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipita maporomoko. Alipofika mtoni akasimama.

"Nani kafanya hivi?" alisema. "Muriel, tazama. Kaanzia juu. Mvua moja tu, mto wote uko chini. Huyu hajafundishwa na mtu."

Muriel alifumba macho. "Ni mgeni, mpenzi. Anajifunza."

"Mgeni asiguse mto." Kidole chake kilishuka, kikavuka ukanda mtupu, kikatua kwenye safu mbili za chini. Kilizipapasa kutoka upande huu hadi ule, na uso wa mzee ukang'aa. "Lakini hizi ni za Desmond."

Inspekta alisogea karibu.

"Umejuaje, mzee?" aliuliza Inspekta.

"Mkono wa Desmond ninaujua, nilimfundisha mwenyewe. Anabana sana petali kwa kidole gumba, nimemkataza mpaka nimechoka." Alicheka. "Ng'oa zote, anza chini, panda. Ameanza vizuri. Na petali hizi, Muriel, ni za kichaka cha Agnes. Amekubali kukichuma. Lazima anampenda sana mtu mwenye mto huu."

Muriel alitazama safu ya kwanza, kisha ya pili, kisha udongo mtupu juu yake. Alitafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa ubao.

"Alisema nitazame," alinong'ona. "Inspekta, alisema nitazame."

"Ndiyo," alisema Inspekta Cottrill. Macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha.

"Mwambieni Desmond aje amalizie," alisema Alwyn. "Kazi ya asubuhi moja tu. Ikifika Jumamosi itakuwa tayari."

"Nitamwambia, mpenzi," alisema Muriel.

Alichovya shuka kwenye ndoo, akalikamua, akaifunika picha taratibu mpaka pembe zote nne zikakaa sawa. Hakuna aliyemzuia. Kisha akafuta mikono kwenye sketi yake, akamnyooshea sajini.