Salamu za Dada Esperansia

Jambo la kwanza ambalo halikuwa sawa katika mgahawa wa Generoza lilipokelewa kwa vigelegele.

Ilikuwa asubuhi ya mvua pale Lusahunga, miaka ile ambayo malori ya chakula cha wakimbizi yalipita kutwa kucha kwenda Ngara. Watu walikuwa wameshika vikombe vya chai ya maziwa, wakitazama Asubuhi Nchini, kipindi cha televisheni ya taifa. Mtangazaji wake, Dada Esperansia, alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha buluu. Aliinamisha kichwa kidogo kama ilivyokuwa desturi yake.

"Shikamooni wazee wetu mlioko majumbani," alisema. Akatazama mbele. "Shikamoo, Mama Teddy wa Lusahunga."

Mgahawa mzima ulimgeukia Generoza ukapiga kelele.

"Mayu, mama yetu! Umeshakuwa mtu wa Dar es Salaam!" alisema Malongo, Msukuma aliyekuwa akinunua ng'ombe mnadani Nyakahura. "Kesho tutakuja kunywa chai tumevaa suti!"

Generoza alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mjane kutoka Keza, kwenye familia ya wakulima wa Kikatoliki, na huko alilelewa kwamba mtu akikusalimu huwezi kumwacha hewani. Tangu televisheni ifungwe mgahawani mwake, kila asubuhi aliiitikia salamu ile, na wazee wengine waliitikia pamoja naye, na madereva waliwacheka. Siku ile aliitikia kwa moyo zaidi. Tangu wamzike Teddy, binti yake mkubwa, hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina lile kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu," aliiambia televisheni. "Karibu chai."

Dada Esperansia alitabasamu. "Ahsante, mama. Nakuja."

Vicheko vilikatika. Kisha mtu akasema labda alikuwa akimjibu mwenzake wa studioni, na watu wakarudi kwenye chapati zao.

"Ndikuriyo, wewe ndiye uliyetuma kadi ya salamu?" Generoza alimuuliza mpika chapati wake.

Ndikuriyo alikuwa Mrundi, mtu wa makamo, aliyetoka kambini kutafuta kazi. Ndiye aliyelifunga dishi juu ya bati, na ndiye aliyewasha jenereta kila alfajiri.

"Hapana, mama. Mimi jina langu mwenyewe naogopa kuliandika, nitaandika lako?"

Generoza alicheka. Lakini alimtazama tena alipogeuka.

Baada ya siku ile, Kezia alianza kukauka sauti.

Kezia alikuwa mtoto wa pili, na sasa ndiye wa pekee. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kigangoni, kanisa lao dogo, na watu wa njiani walisimama kumsikiliza. Teddy alipochukuliwa na homa ya uti wa mgongo, Generoza alipiga magoti kwenye udongo uliokuwa bado mbichi akamwambia Mungu kwamba amekubali, amempa huyo, lakini huyu mwingine asimguse. Sasa huyu mwingine alikuwa akifungua mdomo wakati wa Misa na wimbo ukatoka kama upepo unaopita kwenye nyasi kavu. Dawa za zahanati hazikusaidia. Tangawizi na asali hazikusaidia.

"Inauma?" Generoza alimuuliza.

Kezia alitikisa kichwa. Alimvuta mama yake karibu na kumnong'oneza sikioni, "Haiumi. Ni kama mtu anaivuta taratibu."

Asubuhi zile harufu ilianza kukaa mgahawani, harufu ya udongo uliofukuliwa na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Generoza alimwaga maji ya dawa, akafagia chini ya meza, akatoa hata mifuko ya unga nje. Harufu ilibaki. Kisha ikaja sauti ya kijiko kikikoroga kikombe. Mara ya kwanza aliisikia kwenye televisheni, wakati Dada Esperansia akisoma habari za bei ya pamba, na mezani kwake hapakuwa na kikombe. Mara ya pili aliisikia alfajiri, kabla jenereta halijawashwa, ikitokea chumba cha nyuma alikolala Kezia. Alisukuma mlango. Kezia alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, mdomo wazi, na koo lake likipanda na kushuka kama la mtu anayenywa.

Siku hiyo hiyo Dada Esperansia aliposema shikamoo, aliisema kwa sauti nyembamba ya kuvuta mwishoni, na wanakwaya wawili waliokuwa wakinywa chai waliacha kutafuna wakatazamana.

"Si hiyo sauti ya Kezia?" mmoja aliuliza polepole.

Malongo ndiye aliyesimama. Hakuwa na utani tena.

"Nani alilifunga hili dishi?"

Watu waligeuka kutazama jikoni.

"Nauliza tu. Nani analigusa kila asubuhi? Nani anaingia hapa sote tukiwa tumelala? Hawa watu wamepita kwenye maiti nyingi kuja huku. Unajua wamefuatwa na nini?"

"Malongo, mimi nakula nanyi hapa," alisema Ndikuriyo, unga mikononi. "Nimekukosea nini?"

"Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"

Ndikuriyo hakuwa nacho. Alimgeukia Generoza. "Mama, waambie. Wewe unanijua."

Generoza alimjua. Alijua kwamba mtu huyu aliosha mikono kabla ya kugusa unga, na kwamba alisali rozari peke yake nyuma ya jenereta. Lakini alijua pia kwamba ndani mtoto wake alikuwa amelala akinyonywa na kitu asichokiona, na mama aliye katika hali hiyo hutaka kitu kipate sura haraka, sura yoyote. Alitazama chini. Walimtoa Ndikuriyo na aproni yake kiunoni, wakampandisha kwenye lori lililokuwa likielekea kambini.

Kesho yake Generoza aliwasha jenereta mwenyewe. Dada Esperansia alimsalimu kwa jina. Sauti ilikuwa ya Kezia kabisa.

Aliyeleta mwanga alikuwa Bonaventura, Mhaya, dereva wa malori ya chakula, aliyelala Dar es Salaam nusu ya mwezi na njiani nusu nyingine. Alikaa akaagiza chai, akainua macho kwenye televisheni, akasahau kuinywa.

"Shikamoo, Mama Teddy. Hii ni kanda mnaonyesha?"

"Marahaba, baba. Kanda gani? Ni Asubuhi Nchini."

"Asubuhi Nchini naijua. Naitazama kila nikiwa nyumbani. Inaendeshwa na kijana mmoja na msichana mmoja, wanabishana kila siku kuhusu mpira." Alishusha sauti. "Huyu simjui. Na hebu tazama saa iliyo ukutani nyuma yake. Tangu nikae haijasogea."

Generoza hakuwa amewahi kuitazama saa ile. Ni nani pale Lusahunga angejua kipindi kinapaswa kuwaje? Televisheni ilikuwa hiyo moja, na walichoonyeshwa ndicho walichokijua. Alivua kanga ya jikoni, akajifunga nyingine, akamwomba Bonaventura amfikishe Biharamulo, palipokuwa na nyumba ya wageni yenye televisheni. Walilala kwa ndugu zake Bonaventura, na asubuhi walikuwa wamekaa kwenye viti vya mapokezi kipindi kilipoanza.

Kweli, walikuwa kijana na msichana. Siku hiyo walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya kipindi chao, na msichana alisimulia kilivyoanza. Kilianza kwenye chumba cha stoo, alisema, pazia likiwa limetundikwa ukutani, meza imeazimwa kantini, chupa ya chai moja kwa watu wote. Mtangazaji wa kwanza alikataa kuanza na habari. Alisema kila asubuhi wanaingia kwenye nyumba za watu, na mtoto akiingia kwenye nyumba ya watu husalimu kwanza. Ndiyo maana alianza na shikamoo, na baadhi ya wakubwa ofisini walimcheka. Hakumaliza hata mwaka. Alipata ajali ya gari alfajiri akienda kazini, na baada yake salamu ile iliachwa, kwa kuwa kila aliyeijaribu alisikia uzito.

Picha ikatokea, imezungushiwa maua. Mwanamke mnene mwenye kilemba cha buluu. Chini yake waliandika: Marehemu Esperansia.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema Generoza.

Bonaventura alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mama, huyo aliyezikwa hana kosa. Kuna kitu kimevaa sura yake. Watu wa pwani wangekwambia ni jini."

Generoza aliporudi Lusahunga alikwenda moja kwa moja kwa katekista Anastazi, mzee aliyekitunza kigango. Alimweleza yote, na neno la karibu chai alilisema mwisho, taratibu.

"Tuichome ile televisheni?" aliuliza.

"Na sauti ya mtoto iko wapi?" Anastazi alisema. "Ukichoma nyumba mtu akiwa ndani, umemwokoa? Mimi nitasali, mama. Lakini wewe ndiye uliyekifungulia mlango kwa mdomo wako, na kila asubuhi umekuwa ukikifungulia tena. Kesho kitabisha hodi. Usifungue."

"Hilo tu?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Hilo tu."

Asubuhi iliyofuata mgahawa haukuuza chai. Waliingia Anastazi na maji ya baraka, Malongo, na wale wanakwaya wawili. Kezia walimlaza kwenye mkeka karibu na mama yake, na hakuweza tena hata kunong'ona. Jenereta halikuwashwa. Waliketi na rozari katika mwanga wa kijivu, na kioo cha televisheni kikawaka chenyewe, bila mlio wa injini kule nyuma, na harufu ya udongo ikafunguka chumbani.

"Shikamooni wazee wetu," alisema Dada Esperansia.

Hakuna aliyeitikia. Anastazi aliendelea na Salamu Maria kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, Mama Teddy." Sasa ilikuwa sauti ya Kezia, nzima, tamu, ile iliyosimamisha watu njiani. "Mama, ni mimi. Ukiniitikia nitarudi."

Generoza aliweka mkono juu ya kifua cha mtoto aliyelala mkekani, akausikia moyo ukipiga, akanyamaza.

Kioo kikatulia. Kijiko kikakoroga kikombe, polepole, nyuma ya mgongo wake, mahali pasipo na mtu. Halafu ikaja sauti ambayo hakuwa ameitarajia, sauti ya Teddy, yenye ule ukwaruzo mdogo wa kuamka usingizini, sauti aliyokuwa ameililia usiku baada ya usiku na kuanza kuisahau, na kuisahau ndiko kulikomtesa kuliko kifo chenyewe. Nayo ilisema, "Shikamoo mama, kuna baridi huku, mbona mmenifunika udongo mwingi hivi, nimewasalimu siku zote na wengine mmewaitikia, mimi nimekukosea nini, mama, shikamoo, shikamoo mama," na ulimi wa Generoza ulinyanyuka wenyewe mdomoni kama mnyama anayemjua mwenye nyumba, na akauma pindo la kanga mpaka meno yakagusana, na machozi yakamtiririka shingoni, huku Malongo akijikunja sakafuni mikono masikioni na Anastazi akipandisha sala juu, juu zaidi, ili aifunike sauti ile, naye asiweze, kwa sababu ilikuwa ikitoka sasa kila mahali, kwenye masufuria, kwenye bati, chini ya viti, mtoto akimwomba mama yake neno moja tu.

Hakulitoa.

Kioo kilipasuka kwa mlio mdogo, kama glasi ya taa. Harufu ilikatika. Pale mkekani Kezia alivuta pumzi ndefu, akapiga kelele, na kelele ile ilikuwa nzima.

Anastazi alinyunyiza maji ya baraka kwenye pembe zote, na wanakwaya waliimba wakilia. Malongo aliibeba televisheni mwenyewe, akaizika mbali na barabara. Baadaye Generoza alimtuma Bonaventura kambini amtafute Ndikuriyo, apewe kazi yake na aombwe radhi mbele ya watu. Bonaventura alirudi peke yake. Wakimbizi wale walikuwa wamesharudishwa kwao, na hakuna aliyejua amefikia wapi.

Kezia aliimba tena kigangoni. Lakini nyumbani kulikuwa na jambo moja. Kila asubuhi alimsalimu mama yake, na kila asubuhi Generoza alimtazama mdomo kwa muda mrefu, akamshika mkono, akaupapasa, na asiitikie.

"Mama, ni mimi," Kezia alisema, mara akicheka, mara akiudhika.

"Najua, mwanangu."

"Basi itikia."

Generoza alitikisa kichwa.

Mtoto huchoka. Asubuhi moja Kezia aliingia jikoni uso umekunjamana, akapita bila kusema neno, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya mihogo midomo ikiwa imefungwa kabisa. Generoza alikuwa amesimama mbele yake na chujio mkononi, akimwona vizuri.

"Shikamoo, mama," sauti ya Kezia ilisema.

Kezia hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya. Hakuwa amesikia kitu.

Generoza aliendelea kuchuja chai.