Nipe Nikupokee

Kabla ya hofu, Kasiana alipatwa na hasira. Asubuhi hiyo, kwenye uwanja wa ndege wa Songea, alimwona mzee aliyekonda akishuka garini na mkeka uliofungwa kwa kamba. Alitembea ameinama, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, na pembeni yake binti yake, mtu mzima kabisa, alitembea mikono ameiweka nyuma. Songea hata mlevi akikutana na mzee mwenye mzigo humpokea kwanza, ndipo aendelee kuyumba. Kasiana akasonya kimoyomoyo, akamwita mzee apite mbele.

Kazi yake ilikuwa kupima abiria wa ndege ndogo za kukodi. Ndege hizo hazina utani na uzito: kila mtu hupanda kwenye mizani na mzigo wake, rubani anajumlisha, ndipo waruke. Mzee aliitwa Majidi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Nalasi, na wanawe walikuwa wamemkodia ndege akatibiwe mgongo Dar es Salaam. Binti aliyefuatana naye aliitwa Saada.

Mzee Majidi akapanda kwenye mizani. Kilo mia moja na arobaini. Kasiana alicheka, akamwomba ashuke, akapanda mwenyewe, na mizani ikasoma uzito wake uleule wa siku zote. Mzee akapanda tena, ikarudi mia na arobaini. Mifupa ile na koti lake havikufika hata nusu ya hapo. Halafu ikaja harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, ile inayokaba koo, ingawa hapakuwa na moto popote. Rubani alichungulia mlangoni, akasema kwa uzito huo hamchukui.

Mzee akamtazama Kasiana kwa macho yaliyochoka mno, na moyo wa Kasiana ukalainika. Akafanya alichofundishwa na mama yake hata kabla ya kuanza shule. Alipiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili.

"Shikamoo babu. Pole na safari. Nipe nikupokee."

Saada alipiga hatua moja mbele, mdomo wazi, kisha akaufunga. Mzee aliuweka ule mkeka mikononi mwa Kasiana taratibu, machozi yakimtoka.

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe."

Akanyooka. Mgongo uliokuwa umepinda ulisimama kama wa kijana, na mizani ikasoma hamsini na nane. Akaenda kwenye ndege bila kugeuka wala kuudai mkeka wake. Saada ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akamuuliza Kasiana kwa kunong'ona kama ana mtoto. Kasiana akasema anaye mmoja, Beata, yuko darasa la tatu.

"Basi usimruhusu akupokee kitu chochote," Saada alisema. "Hata kijiko."

Jioni aliuacha mkeka kazini, lakini dereva wa bodaboda alilalamika njia nzima kwamba pikipiki leo imekuwa nzito, tairi la nyuma limekaa chini. Kasiana alijishikilia kwenye kiti. Mabega yalimuuma, na nyuma ya sikio lake la kushoto alisikia mtu akihema, mhemo wa mtu mzima aliyemaliza kupanda mlima na sasa amepata pa kukaa. Beata alitoka mbio kumpokea mkoba kama kawaida yake. Kasiana akapiga kelele ambayo hakuwahi kumpigia mtoto wake, na Beata akarudi nyuma.

Katekista alimwombea, na mhemo ukaendelea katikati ya sala. Jirani yake Devota akampeleka Lizaboni kwa Shehe Muhsini, anayesifika kwa kutoa majini. Shehe alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kitu kilichokuwa mgongoni hakikupiga kelele wala hakikugaagaa. Kilitulia, kikawa kinahema kwa kufuata kisomo, kama mtu anayesikiliza redio. Shehe akafunga msahafu.

"Kisomo humtoa aliyevamia," alisema. "Huyu hakuvamia. Ulimkaribisha kwa adabu, naye kakubali. Ataondoka vilevile alivyokuja, mtu akupokee kwa moyo wake. Na mgongo aliokwisha kuuacha haurudii."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na Kasiana akajua kwa nini Mzee Majidi alilia. Alikuwa na uchaguzi uleule sasa: abebe mpaka avunjike, au amtafute mtu mwema.

Alibeba. Akamfundisha Beata kusimama mikono nyuma mama akirudi, na mtoto akatii, majirani wakaanza kusema mtoto wa Kasiana kaharibika, hana adabu tena. Beata alilia kwa aibu. Kasiana naye alilia, maana aliona wazi kwamba anaibomoa kwa mikono yake ile tabia aliyoijenga, na hakuweza kumweleza mtoto wa umri ule kwamba kuna kitu kinamtazama kupitia bega la mama yake.

Siku zikapita, mzigo ukaongezeka. Hakuthubutu kupanda kwenye mizani. Viatu vyake vilipasuka soli, kitanda kikakatika chaga, na ile harufu ya maganda ikakaa kwenye nywele zake hata akiziosha kwa limao.

Kisha akaja Suzana, dada mmoja wa Namtumbo mwenye kitoto mgongoni, akisafiri na familia iliyokuwa imekodi ndege. Alimwona Kasiana akijikokota na kizibao chake cha kazi mkononi, akamfuata haraka. "Jamani dada, unaumwa. Lete nikupokee," akasema, mikono tayari imenyooka, na ule mhemo nyuma ya sikio ukakoma kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mzee, kisha sauti kavu ikasema neno moja tu, mpe, na mkono wa Kasiana ukaenda wenyewe mbele, kizibao kikagusa vidole vya yule dada, na Kasiana akaona kichwa kidogo kimelala kwenye shingo ya mama yake, kinachezesha midomo usingizini, akakivuta kizibao kifuani kwa nguvu zote, akamsukuma Suzana kwa bega, akaondoka bila kuaga huku watu wakimshangaa. Nyuma ya sikio, kile kitu kikacheka.

Alikuwa ameshinda, na ushindi huo ulimsindikiza hadi nyumbani kwa miguu, maana hakuna bodaboda iliyokubali kumbeba, na kila hatua ilizama kwenye vumbi kuliko iliyotangulia, hata alipofika mlangoni magoti yakakataa, akaanguka kifudifudi kizingitini, kizibao bado kimeshikwa, akataka kusema kaa mbali, Beata, mikono nyuma, lakini pumzi ilikuwa imebanwa yote na hakuna neno lililotoka.

Beata alisimama mikono nyuma kama alivyofundishwa. Akamwona mama yake hainuki. Akasahau.

"Pole mama," alisema, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili. "Nipe nikupokee."

Akakichomoa kizibao.

Mgongo wa Kasiana ukanyooka. Hewa ikamwingia tele, safi, na hakuwahi kuchukia kitu kama alivyoichukia hewa ile. Aliinuka kwa urahisi wa kutisha, akamshika mtoto mabega, akajaribu kukinyang'anya kile kizibao, akisema nirudishie, mwanangu, nirudishie, nakupokea mimi, ingawa maneno ya Shehe aliyakumbuka yote.

Beata akakikumbatia kifuani. Mtoto aliyelelewa vizuri hambebeshi mama yake.

"Hapana mama, wewe umechoka," akasema. "Pumzika. Nitambeba mimi."

Akageuka kuingia ndani, ameinama kidogo, na saruji ya sakafu ikapasuka chini ya miguu yake midogo.