Kichupa cha Maji Matupu

Kila mchana akitoka shule, Kiherehere alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse: kumpelekea shangazi yake chakula kwenye maabara ya hospitali. Shuleni alikuwa na jina lake, lakini nyumbani na mtaani kote aliitwa Kiherehere, na wala hakuonewa. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unalijua, tena limetiwa chumvi.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba. Mikono umenawa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la Shangazi siku zote. Alikuwa akimpokea kwenye chumba cha nje, maana ndani hakuliwi wala hakunywewi. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na dirisha kubwa la kioo, na Kiherehere alipenda kubandika pua hapo atazame mashine.

Siku hizo nyumbani hakukuwa na raha. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, alikuwa amepasuliwa tumbo. Daktari alitoa kwenye ini lake uvimbe uliojaa maji, mkubwa kama chungwa. Alisema ni kazi ya tegu, mnyoo mdogo sana anayeishi ndani ya mbwa. Mbwa humpata akila ini au pafu la mnyama mwenye malengelenge ya maji. Kisha mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mbwa, yakanata hata kwenye manyoya yake, na mtoto akimshika mbwa halafu akala bila kunawa, anayameza bila kujua.

Mbwa mwenyewe alijulikana. Aliitwa Mpangaji, kwa kuwa alihamia uani kwao bila kukaribishwa na hajawahi kulipa kodi. Swali lilikuwa Mpangaji alikula wapi. Baba alikuwa na machinjio ya kondoo nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya barabara, jirani waliyemwita Mzee Ng'ombe alichinja ng'ombe, na Mpangaji alikuwa mgeni wa kote kuwili.

Bwana afya hakuzunguka mbuyu. "Tegu wa kondoo na tegu wa ng'ombe huwezi kuwatofautisha kwa uvimbe tu," alisema. "Lakini vinasaba vyao havifanani. Maabara itatuambia. Machinjio yatakayobainika, nayafunga mpaka yarekebishwe."

Baba alijipiga kifua. "Yangu? Sijawahi kumuuzia mtu ini bovu maishani mwangu!" Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Basi mchana mmoja Kiherehere alifika maabara akamkuta Shangazi ameinamia skrini. Alibandika pua kwenye kioo. Mstari mweupe ulikuwa unang'aa.

"Shangazi, hiyo ni ya Kitinda?"

"Hicho ni kipimo cha tegu wa ng'ombe. Lakini ngoja kwanza, kuna..."

Angoje nini tena? Aliacha chakula mezani akachomoka. Alifika buchani kwa Baba akihema, mbele ya wateja, akapiga kelele, "Baba! Ni wa ng'ombe! Nimeona kwa macho yangu!"

Lo! Baba alivuka barabara na aproni yake ya damu. "Mzee Ng'ombe! Mwanangu amepasuliwa tumbo kwa uchafu wako!" Wateja wa Mzee Ng'ombe wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mzee alibaki akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Kiherehere, kwa upande wake, alijiona mtu mkubwa kweli.

Jioni Shangazi aliingia bila hata kubisha hodi. "Nani aliyekutuma kutangaza?" aliuliza. Kiherehere alinywea.

"Kila tunapopima," Shangazi alieleza, "tunaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Hakina mnyoo, hakina ng'ombe, hakina chochote. Kinatakiwa kibaki giza. Leo nacho kimewaka. Maana yake vinasaba vya tegu wa ng'ombe, vile tunavyotumia kulinganishia, vimeingia pasipotakiwa. Kipimo kinachoona mnyoo kwenye maji matupu, nitakiaminije kwa Kitinda?"

Baba alimtazama, akashusha sauti. "Dada, habari ya hicho kichupa anaijua nani? Andika ng'ombe, yaishe. Wakinifungia, watoto hawa watakula nini?"

Machozi yalimlengalenga Shangazi. "Mdogo wangu, usiniombe hilo. Kama mnyoo ametoka kwako, nikaandika ng'ombe, Mpangaji ataendelea kula kwako. Nitaletewa uvimbe wa mtoto mwingine, na nitakuwa nimeuandika mimi."

Usiku huo ndugu hao wawili waliachana bila kuagana.

Kesho yake Shangazi alimwaga dawa zote zilizofunguliwa, akasugua meza, akaanza upya na vifaa vipya. Alimwomba mwenzake asimame kando ashuhudie kila hatua, asije mtu akasema kambeba mdogo wake. Kiherehere alikaa chumba cha nje, roho juu. Mwishowe akaitwa kwenye kioo.

"Sema unachokiona. Taratibu."

"Maji, giza. Ng'ombe, giza." Akafuta kioo kwa kiganja, akatazama tena. "Kondoo... kondoo umewaka, Shangazi."

"Haya. Leo ndiyo tuna matokeo. Yanaanza kwa bwana afya."

Na Kiherehere akafunga mdomo! Njia nzima ulimi ulimwasha, lakini hakumwambia mtu.

Bwana afya alipokuja kuyasoma, Baba alikaa chini. "Lakini sijauza ini bovu!" alisema.

"Najua. Hayo mabovu unayapeleka wapi?"

"Namtupia Mp..." Baba alijisikia mwenyewe, akafunika uso kwa viganja. "Nimemlisha mimi. Watoto wa watu nimewalinda, wangu mwenyewe nimemponza."

Hakukaa sana. Aliinuka akavuka barabara, safari hii amevua aproni, na Kiherehere nyuma yake.

"Mzee, nimekukosea mbele za watu," Baba alisema.

"Mimi ndiye niliyeanza," Kiherehere akadakia. "Nilitangaza kabla hayajawa matokeo. Nisamehe, Babu."

Mzee Ng'ombe alimpa mkono. "Yamekwisha, mjukuu wangu. Tena bora iwe hivi, maana hata mimi Mpangaji namtupiaga mapafu. Bwana afya, njoo ukague na kwangu."

Machinjio ya Baba yalifungwa. Baba na Mzee Ng'ombe walichimba shimo moja refu la pamoja la kutupia maini na mapafu mabovu, wakalitia mfuniko wa zege unaofungwa kwa kufuli. Mpangaji alimezeshwa dawa ya minyoo kwa zamu, na Kiherehere akafanya utangazaji wake wa kwanza wenye faida: alipita madarasa yote akieleza kunawa mikono. Kitinda alipata nafuu, akaanza kusumbua watu kama zamani.

Siku bwana afya aliporuhusu machinjio yafunguliwe, Shangazi alikuwa amesimama pembeni na Kitinda mgongoni. Mteja mmoja akacheka, "Eti dada yako wa damu ndiye aliyekufungia? Ningekuwa wewe, ningemkana!"

Baba aliweka kisu chini. Alimvuta Kiherehere karibu, akamwonyesha Shangazi kwa mkono, kifua mbele.

"Nimkane? Huyo angeweza kunipendelea mimi, nduguye, na hakuna ambaye angejua. Akakataa. Kazi ya mtu mkweli ndiyo hiyo, mwanangu: hupima tena hata jibu alilokuwa akilitaka." Kisha akamgeukia mteja. "Na wewe, bwana, siku ukiumwa, kipimo chako ungependa kishikwe na nani?"

Mteja alimtazama Shangazi, akavua kofia.