Upande wa Mlangoni

Siku ile Oriella Farinelli alifua shuka la kitani la marehemu mama yake, akalianika dirishani juu ya mfereji, akavuta kiti akae kulilinda. Alikuwa akililinda na watalii. Comacchio ni mji mdogo wa Italia, mifereji michache na madaraja yake, lakini mtalii akishashika simu mkononi huona kila kitu kimewekwa pale kwa ajili yake: shuka la mtu, paka wa mtu, bibi wa watu aliyekaa mlangoni kwake akipara samaki. Mmoja alisimama ng'ambo akampungia mkono asogee, eti anaharibu picha. Oriella akamwaga beseni la maji ya kufulia. Hayakumpata, na jambo hilo lilimuuma mpaka jioni.

Kesho yake, sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanawe Loris alifika kutoka Milano na mchumba wake, Ginevra. Loris alikuwa hajakanyaga kwao miaka kadhaa. Mtu aliyezaliwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ile, akajifunza kuogelea kwa kusukumwa mferejini na wenzake, alishuka garini na koti la rangi ya ngamia akaanza kumtembeza mchumba wake kama aliyeusoma mji kwenye gazeti la kwa kinyozi. Hili ni daraja letu la ngazi tano. Hili ni soko la samaki. Huyu ni mama. Oriella aliona wazi kwamba yeye alikuwa kituo cha tatu.

Yule binti naye hakumpendeza. Alikuwa na kucha ndefu, na begi la magurudumu lililopiga kelele juu ya mawe mpaka majirani wakafungua madirisha. Dosolina wa nyumba ya pili alitoa kichwa akauliza kama wamehamia au wanatembea. Oriella akamjibu kwamba wanapita tu, kama mafua.

Mchana aliwachomea mikunga, wale samaki warefu kama nyoka ambao ndio uhai wa mji wetu, na ugali wa manjano pembeni. Ginevra alikula kidogo kidogo, akaomba ndimu. Loris alisukuma sahani.

"Ana harufu ya tope," akasema.

"Tope hilo ndilo lililokusomesha," mama yake akamjibu, akakiondoa chakula mezani kabla hajabadili mawazo.

Jioni, vyombo vikiwa vimeshaoshwa, aliwaambia jinsi asubuhi itakavyokuwa. Alisema mara moja tu, kwa ufupi, maana kwetu jambo hili halielezwi. Siku ya Marehemu Wote hakuna anayebaki kitandani. Kengele ya kwanza ikilia watu huamka, hutandika mashuka safi, huweka jikoni ndoo ya maji baridi na kata yake, huuacha mlango bila komeo, huenda misani na kisha makaburini. Kwa muda ule nyumba si zetu, ni za marehemu. Wenyewe wametoka mbali, wamechoka, wana kiu. Hunywa, hujinyoosha kidogo. Watu wakirudi, hakuna anayeuliza kwa nini shuka limekunjamana.

Wengi wao wana makaburi pia. Primo, baba yake Oriella, hana. Alikuwa akiiba mikunga kwenye wangwa wa maji ya chumvi nje ya mji, kama nusu ya wanaume wa wakati wake. Mchana mmoja wa ukungu askari wa wangwa walimkimbiza. Mtumbwi ukakutwa umelala kwenye matete. Yeye hakupatikana mpaka leo. Duniani alibakiwa na kile kitanda cha chumba cha juu tu. Alizoea kulala upande wa mlangoni, suruali mwilini, ili askari wakigonga mbele yeye awe ameshatokea nyuma. Na kila mwaka Oriella akirudi kutoka makaburini hulikuta shuka limebonyea upande uleule. Ni hapo tu ndipo anapojua kwamba baba amepumzika. Siku moja katika mwaka mzima, na yeye hakuwahi kumnyima.

Sasa kitanda hicho ndicho walichopewa Loris na binti wa watu, kwa kuwa nyumba haina kingine cha wageni.

Loris alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyomchekea mtoto, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mama, babu alikufa maji. Ana haja gani na ndoo?"

"Maji ya chumvi hayakati kiu," Oriella akasema, akapanda kulala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia mjini na kukaa. Ng'ambo ya mfereji hapakuonekana. Kengele ya kwanza ilipolia, Oriella alikuwa ameshavaa nguo nyeusi, ndoo imejaa, kata juu yake. Akapanda na shuka la kitani mkononi.

Ginevra alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa, nywele kazibana. Kucha amezikata. Akapokea ncha mbili za shuka bila kuambiwa. Oriella alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakupata neno la kumdharau nalo.

Loris alikuwa amejifunika mpaka masikioni.

"Amka, mwanangu. Kengele imelia."

"Nimeendesha gari asubuhi nzima jana."

"Amka. Utalala tukirudi."

"Mwambie babu alale ubavuni kwangu," Loris akasema ukutani, bila kugeuka. "Kitanda ni kikubwa."

Hapo ndipo Oriella alipopaswa kumvuta mguu. Angeweza, mikono yake imevuta nyavu. Ginevra alimwita Loris kwa sauti ya chini, mara mbili, akamgusa bega. Akajifunika zaidi. Lakini Oriella ana hasira za karibu, anazijua mwenyewe, na mtu anayemdharau hamsihi. Alitandaza shuka la kitani juu ya kitanda na mwanawe ndani yake. Akalichomeka pembe zote nne. Akalinyoosha kwa kiganja upande wa mlangoni mpaka likawa laini kama karatasi.

"Haya," akasema. "Umemwalika wewe. Mkaribishe mwenyewe."

Akashuka, akaegesha mlango bila komeo, wakaenda.

Misani hakusikia neno. Padri alisoma majina ya waliokufa, na kila jina Oriella aliona ngazi ya nyumba yake. Walipoanza kutoka kwenda makaburini, alimshika Ginevra mkono akageukia upande mwingine. Dosolina aliwauliza wanakwenda wapi, nyumba si zao bado. Oriella akaongeza mwendo. Watu wote walikuwa nje ya nyumba zao, na mfereji mzima ulikuwa kimya, milango imeegeshwa, moshi hakuna. Alitembea katikati ya njia. Hakutaka kupita karibu na mlango wowote.

Ginevra ndiye aliyeona kwanza. Akasimama.

Kwenye ngazi za mawe zinazotoka mferejini kuja mlangoni kulikuwa na alama za miguu. Miguu mitupu. Imelowa. Ilianzia kwenye ngazi ya chini kabisa, ile inayogusa maji. Ilikuwa ikipanda.

Hapakuwa na hata mmoja uliokuwa ukishuka.

Mlango ulikuwa wazi kidogo zaidi ya walivyouacha. Jikoni, ndoo ilikuwa tupu. Haikumwagwa, sakafu ilikuwa kavu kuizunguka. Kata ilikuwa imewekwa kifudifudi juu ya meza. Primo ndivyo alivyokuwa akiiweka, na mama yake Oriella alimgombeza kwa hilo maisha yake yote.

Walipanda. Ngazi ilikuwa na unyevu chini ya miguu yao.

Loris alikuwa macho. Amejibana ukutani, uso umegeukia ukuta, magoti kifuani. Shuka la kitani bado limechomekwa pembe zote. Upande wa mlangoni lilikuwa limebonyea, kwa urefu wa mtu, na pale lilipobonyea lilikuwa limelowa rangi ya kijivu. Harufu ya wangwa ilijaa chumbani. Tope. Matete. Mikunga.

"Loris," Oriella akasema.

"Polepole, mama," akanong'ona. "Usimwamshe."

Ginevra aliukamata mkono wa Oriella kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Hakulia.

"Aliniuliza hiki kitanda ni cha nani," Loris akanong'ona. "Nikamwambia changu."

"Akasemaje?"

Loris alizidi kujibana ukutani.

"Alishukuru."

Oriella alipiga hatua moja. Alitaka kuweka kiganja pale. Alikuwa ameungoja mlalo ule tangu akiwa msichana. Aliukuta umepoa kila mwaka, na leo ulikuwa pale, na mwenyewe ndani yake. Akaita, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni. "Baba."

Nje kengele ya makaburini ikaanza kulia. Lile bonde kwenye shuka likainuka polepole. Kwanza mabegani. Halafu kiunoni. Kama mtu anayeamka bila haraka, ambaye hakusikia aliyemwita.

Ubao wa sakafu ukalia mara moja, karibu na viatu vya Loris, kando ya kitanda. Basi. Ngazini hapakulia kitu.

Waliondoka siku ileile. Ginevra ndiye aliyeendesha. Alimwinamia Oriella akambusu mashavu yote mawili, na Oriella akamtia mikononi kikapu cha mikunga ya siki kama mtu anayeomba radhi na hataki kusikia akijibiwa. Loris aliingia kiti cha nyuma. Hakukaa pembeni. Alijisogeza mpaka ndani kabisa, akaacha nafasi upande wa mlangoni.

Kabla ya Krismasi Ginevra alipiga simu. Alizungumza kwa kunong'ona. Walikuwa wamebadilisha kitanda, akasema, halafu wakabadilisha nyumba. Yeye sasa hulala sebuleni. Kila asubuhi upande mmoja wa kitanda cha Loris unakuwa umelowa, na Loris hataki ukaushwe. Halafu akauliza kitu ambacho alionekana kukifikiria kwa muda.

"Mama, huyo mzee alikuwa akinywa maji mengi?"

"Kwa nini?"

"Naweka mtungi. Kila siku naukuta mtupu."

Oriella alimwambia aendelee kuweka. Alikata simu, akamtukana mwanawe kwa sauti, peke yake jikoni, kwa kumchukua hata Primo, yeye aliyekuwa na Milano nzima. Kisha akakumbuka ni kiganja cha nani kilichonyoosha shuka lile, akanyamaza.

Siku ya Marehemu ilipokaribia tena alifua shuka, akalianika, akalilinda. Kengele ya kwanza ilipolia alitandika kitanda kitupu, akajaza ndoo kwa maji ya bombani, akaonja kata moja kuhakikisha ni baridi, akaegesha mlango na kwenda. Hakurudi mapema. Alikaa makaburini mpaka Dosolina naye akaondoka.

Ngazi za mferejini zilikuwa kavu. Juu, shuka lilikuwa limenyooka, laini kama karatasi, pande zote mbili. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, kama alivyoiacha. Lakini kata, aliyoiacha chali, ilikuwa mezani kifudifudi.

Oriella aliigeuza. Akachota, akanywa funda moja.

Akalitema. Lilikuwa la chumvi, maji ya wangwa yaliyomchukua baba yake.