Ndege Wamejaa Mwisho wa Uwanja

Asubuhi katika nyumba ya mwisho, nyuma ya uwanja wa ndege, ilianza kwa harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama alikuwa anachinja kuku wa kupeleka mahotelini. Binti yake wa darasa la sita alikaa kwenye kigoda mbele yake, akinyonyoa na kuongea, akiongea na kunyonyoa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, na jina lake halisi likabaki kutumiwa na mwalimu wakati wa kuita mahudhurio.

"Chiriku, meza mate kidogo," mama alimwambia. "Hata huyu kuku angekuwa hai, angeomba nafasi aseme neno moja."

"Mama, nikinyamaza mikono yangu inasinzia."

Maisha yao yalikuwa yamebadilika pamoja na ule uwanja. Zamani ilikuja ndege moja ndogo, tena siku ilipojisikia, na kabla haijatua mtu alikimbia kufukuza mbuzi. Sasa lilijengwa jengo la vioo, uzio mrefu ukazungushwa, na ndege kubwa zikawa zinashuka juu ya mapaa yao mpaka sufuria zinatikisika kabatini. Kantini ya uwanja ilikuwa imemchagua mama awe anawaletea kuku. Walimpa hata koti jeupe la kuvalia anapoingia getini. Mama alilipiga pasi kila jioni, na alipopita nalo mtaani, alitembea kama mtu anayekwenda kukabidhiwa zawadi.

Kazi ya Chiriku, kabla ya shule, ilikuwa kubeba ndoo ya matumbo ya kuku mpaka kwenye shimo lililokuwa ng'ambo ya machimbo ya mawe, kuyamwaga na kuyafukia kwa udongo.

"Ufukie," mama alisema kila siku. "Nasema ufukie, usimwage ukakimbia."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia umesikia. Nataka ufukie."

Mama alikuwa mwoga wa mambo mengi. Aliogopa inzi, aliogopa mbwa, aliogopa magonjwa ya tumbo, na zaidi ya yote aliogopa maneno ya watu. Chiriku alidhani lile shimo ni woga wake mwingine tu. Safari ilikuwa ndefu, na mkono wa ndoo ulimkata viganja. Siku moja aliona uwazi kwenye majani marefu kando ya uzio wa uwanja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwaga, mguu niponye.

Kesho yake alikuta pamesafishwa. Kunguru hawakuacha hata utando. "Kumbe kuna vibarua wasiodai chochote!" akajiambia, akamwaga tena. Tangu hapo alifika shule mapema, akaruka kamba na wenzake mpaka kengele ilipogongwa. Mama alimsifu kwa wepesi. Sifa zile zilimkwama kidogo kooni, lakini zilipita.

Siku moja mwalimu mkuu aliingia darasani na mgeni mrefu, mwembamba, amevaa fulana ya njano inayong'aa. "Huyu ni afisa wa ndege kutoka uwanjani," akasema.

Darasa lilisimama lote. "Rubani! Mzee, umewahi kupita ndani ya wingu?"

"Mimi?" mgeni akacheka. "Mimi hata ngazi ya kupanda darini naiogopa. Mimi ni afisa wa ndege wenye manyoya. Kazi yangu ni kuwafukuza ndege hawa, ili ndege zile zitue salama. Mtaani mnaniita Bwana Kunguru. Msijitie hamnazo, nimewasikia."

Wanafunzi walicheka hadi mbavu zikawauma. Ndipo Bwana Kunguru akatoa mfukoni kipande cha chuma kipana, kilichopinda kama kijiko kilichokanyagwa na lori.

"Hiki kimetoka ndani ya injini," akasema, na darasa likatulia. "Injini ya ndege inavuta hewa kwa nguvu kubwa. Ndege akipita karibu, anavutwa naye. Aliyefanya hivi ni korongo mmoja. Mmoja tu. Rubani alifanikiwa kuteremsha watu wake salama, lakini kwa shida kubwa. Na korongo huyo hakuja kutalii. Alifuata takataka za chakula ambazo mtu alizitupa. Haya, nani ana swali?"

Darasa zima liligeuka kumtazama Chiriku. Chiriku alikuwa anatazama viatu vyake.

Alirudi nyumbani ameazimia kufukia. Lakini kesho yake alichelewa kuamka, akamwaga pale pale, mara ya mwisho. Siku iliyofuata kulikuwa na matope, akamwaga tena, mara ya mwisho kabisa. Wanangu mnaosoma, hiyo "mara ya mwisho" ijueni vizuri. Haina haya. Ukiikaribisha leo, kesho inakuja bila kubisha hodi.

Jumamosi kantini iliagiza kuku wengi kuliko kawaida, na Chiriku akatoka na ndoo mbili zilizojaa pomoni. Alipokaribia uzio, alisimama ghafla, ndoo zikamgonga magoti.

Majani yalikuwa hayaonekani kwa wingi wa ndege. Korongo wenye vipara walisimama kwa safu, mikono nyuma kama wazee wa kamati. Kunguru walipigana miguuni pao. Juu, mwewe walizunguka, duara juu ya duara, mahali pale pale ambapo ndege kubwa hupita zikishuka.

"Tokeni!" alipiga kelele, akaokota mawe na kuwarushia. Lilikuwa kosa juu ya kosa. Korongo walipaa kwa uzito, wakajiunga na mwewe, na anga ikazidi kuwa nyeusi. Muda wa ndege ya mchana ulikuwa umekaribia. Chiriku aliziacha ndoo, akakimbia mpaka getini kwa mlinzi.

"Mjomba! Ndege zimejaa! Zimejaa kule mwisho wa uwanja, zinazunguka, na ile kubwa inakuja sasa hivi!"

Mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa anakunywa chai, hata hakushusha kikombe. "Binti, hiki ni kiwanja cha ndege. Ulitaka zijae punda?"

"Hapana, mjomba, zile ndege zime..."

"Zinazunguka kwa sababu zinangoja zamu. Sisi ndio tunaojua. Nenda kamsaidie mama."

Chiriku alitaka kulia. Mara akakumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu wa Kiswahili, iliyopita chini ya sentensi zake kila wiki: "Ndege mwenye uhai anaruka. Ndege ya abiria inaruka. Punguza mwendo, fikiri." Siku zote aliona mwalimu anamtafutia ubaya tu. Akavuta pumzi.

"Wamejaa, mjomba," akasema polepole. "Si zimejaa. Ndege wamejaa. Korongo, mwewe na kunguru. Wanazunguka pale ambapo ndege zinashukia."

Kikombe kikatua mezani kwa kishindo. Mlinzi alinyakua redio yake ya mkononi, akaeleza. Sauti ya Bwana Kunguru ikajibu ikikwaruza: "Muulize huyo mtoto, wamepumzika tu au wanakula? Kama wamepumzika, nitapiga fataki wataondoka. Kama wanakula, nikigeuka tu watarudi. Hapo lazima mnara wa kuongozea ndege uizuie ile ndege isishuke."

Mlinzi akamtazama Chiriku.

Neno "sijui" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lilikuwa fupi na rahisi, na hakuna ambaye angemuuliza mara ya pili. Aliona koti jeupe la mama likining'inia ukutani bila mtu wa kulivaa. Aliona kantini ikimfungia mlango, na majirani wakinong'ona. Kisha akasikia mngurumo kwa mbali, akageuka. Taa za ndege zilikuwa zimeshatokea juu ya vilima.

"Wanakula," akasema. "Ni matumbo ya kuku. Ya kwetu. Nimemwaga mimi, siku nyingi. Mama hajui kitu."

Mlinzi alisogeza redio mdomoni. Kisha akayasema maneno yale yale kwenye redio, bila kupunguza wala kutia chumvi.

Ndege ilikuwa inashuka, kubwa, nyeupe, magurudumu nje. Chiriku aliuma kidole mpaka kikamwuma kweli. Ghafla pua ya ndege ikainuka, injini zikanguruma kwa nguvu mpya, nayo ikapanda, ikakata kona na kwenda kuzunguka mbali, upande usio na mwewe. Mtaani watu walitoka milangoni. "Amesahau mzigo huyo rubani?" mmoja akauliza.

Gari la Bwana Kunguru lilikuja na king'ora. Fataki zikapigwa, ndege wakatawanyika, na Chiriku akapewa koleo. Alikuwa ameanza kuchimba mama alipofika mbio, aproni ingali kiunoni, uso umemsawajika.

"Mwanangu, umeumia?"

"Sijaumia, mama. Sikwenda shimoni. Nilikuwa namwaga hapa."

Mama alitazama majani, akatazama anga. "Nipe koleo lingine," akamwambia Bwana Kunguru. Walichimba wote watatu mpaka uvundo wote ukawa chini ya udongo. Ndipo ile ndege iliporudi na kushuka taratibu juu ya vichwa vyao, dirishani mtoto mdogo amebana pua kwenye kioo.

Adhabu haikukosekana. Kantini ilisimamisha kuku wa mama mpaka Bwana Kunguru akague kazi zake, na siku zile zilikuwa nzito. Mama alinyonyoa kuku wachache wa mahotelini kimya kimya. Chiriku alikwenda shimoni kila asubuhi, na safari hii mama alimfuata nyuma, akachungulia. Bwana Kunguru alipokuja kukagua, alikuta shimo limefukiwa vizuri na mapipa yana vifuniko. Akaandika kwamba hapana tatizo, na kantini ikaagiza tena.

Kisha wakaitwa wakazi wote kwenye ukumbi wa shule. Mkuu wa uwanja aliwaeleza kwamba kuanzia sasa gari litapita kukusanya mabaki ya nyama na samaki, na akawashukuru kwa kuripoti hatari mapema. Mchinja ng'ombe mmoja, mtu wa maneno makali, akainuka.

"Tushukuriwe baadaye. Kwanza tumjue aliyetutia aibu. Ni nani aliyekuwa anamwaga uchafu ule?"

Chiriku alianza kuinuka, lakini mama, yule mwoga wa maneno ya watu, alimtangulia.

"Aliyemwaga ni mwanangu," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Na aliyekwenda kusema ni mwanangu huyo huyo, wakati hakuna aliyemwona wala aliyemshika. Alijua naweza kupoteza kazi, akasema. Kwa lile la kwanza nimemgombeza, na bado sijamaliza. Kwa hili la pili, jirani yangu, mimi natembea mtaani kifua mbele. Ndege ile ilikuwa na watu, na watu wale walifika kwao."

Mchinja ng'ombe alikohoa, akaketi.

Mama aligeuka kwa watoto waliojazana madirishani. "Na nyinyi, sikilizeni. Msifanye kazi nusu kwa sababu hakuna anayewaona. Uchafu mliouficha nyinyi, wengine wanauona, na wana mabawa. Na ukishakosea, usikae ukingoja bahati. Kosa likitoka mkononi mwako, likimbilie wewe wa kwanza, kabla halijamfikia mtu mwingine."

Kisha akaketi, akajisogeza, akampa binti yake nusu ya kiti.