Aliyetikisiwa Mabawa

Mtoto alikuwa anakunywa chai. Akashusha bega la kulia, akalipandisha. Akashusha la kushoto, akalipandisha. Polepole, uso mkavu, macho dirishani.

"Kaa vizuri, utajimwagia," mama yake akamfokea.

Kikombe kilimponyoka baba yake kikavunjika sakafuni, maana ishara ile aliijua. Ilikuwa yake.

Baba huyo alikuwa rubani wa ndege za kivita; kambini walimwita Kipanga. Jana yake alikuwa angani na mwenzake, Domo, baba wa mapacha wachanga, mtu anayeongea hata akiwa usingizini. Watu wa rada wakawaambia kuna kitu mbele yao. Wakakikuta: duara jeusi, halina bawa, halina injini, halina moshi, limetulia tuli kwenye upepo uliokuwa unazipepeta ndege zao kama ungo. Mwenye akili angegeuza. Kipanga akafanya alichofundishwa kumfanyia yeyote anayekutwa kwenye anga isiyo yake: akajipanga mbele yake, akatikisa mabawa, kulia, kushoto. Kwa rubani aliyekutwa hivyo maana yake ni moja tu: nifuate.

Duara likainama kulia, likainama kushoto. Nimeelewa, nakufuata.

Kisha likatoweka.

"Tumeota," Domo alisema redioni, akicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Tukishuka hatukuona kitu, sawa? Kamanda atatupeleka kupimwa vichwa, na changu kitakutwa kitupu."

Wakashuka, wakanyamaza. Huo ndio upumbavu wa wanaume: kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa kufa.

Sasa nyumba ilikuwa inanuka chuma kilichoungua. Mama akakagua jiko, akakagua nyaya, akafungua madirisha, harufu ikazidi. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa ameacha kuitika jina lake. Mwili ulimchemka hata kitambaa cha maji kikawa kinakauka kwenye paji la uso mama akingali amekishika, na kutoka juu ya dari, mchana kweupe, ukaanza kusikika mvumo mzito kama wa kitu kikubwa kinachotafuta pa kushukia, ukizunguka, ukienda, ukirudi, na kila ulipopita juu ya kitanda mabega ya mtoto yaliinama kulia, yakainama kushoto, mpaka midomo yake ikafunguka ikatoa sauti ambayo haikuwa ya mtoto wala ya mtu, ikamwambia baba yake, "Nimekufuata. Nitue wapi?"

Mganga aliyeitwa, mama mnene asiye na mchezo, hakuvuka kizingiti. Alinusa tu, akarudi nyuma.

"Nani kamkaribisha huyu?" akanong'ona.

"Mimi," Kipanga akajibu. "Kazini. Sikujua ni jini."

"Basi mimi sina kazi hapa, baba. Mimi nafukuza wezi. Huyu si mwizi, ni mgeni, ameitwa. Aliyemwita amrudishe alikomtoa, kabla hajatua ndani ya mtoto. Akishatua, usiniite mimi. Mwite mchimba kaburi."

Mkewe akamkamata ukosi. "Ulijua tangu jana?"

"Mke wangu, nilidhani..."

"Mke wako nani? Umetuletea balaa, ukalala ukakoroma! Nenda karudishe dude lako. Ukirudi nalo, usirudi."

Doria ya jioni ilikuwa yake na Domo. Hakuhitaji kulitafuta; lilimganda ubavuni tangu magurudumu yalipoacha lami. Walipofika pale pale walipolikuta jana, Kipanga akatoa ishara ya kuachilia: akakata kona kali kwenda juu, ghafla. Uko huru, nenda zako.

Halikwenda. Akarudia. Likasogea mbele yake, sasa kubwa kuliko ndege, jeusi kama shimo lililotobolewa mbinguni, likainama kulia, likainama kushoto.

Redioni Domo alisikia pumzi tu. Kisha sauti ya chini, "Domo. Linataka nilifuate."

"Usithubutu! Geuza, ndugu yangu, geuza!"

"Nikigeuza linarudi kwa mwanangu. Wewe shuka. Mwambie mama yake sikurudi nalo."

Akatikisa mabawa. Nimeelewa, nakufuata. Ndege na duara vikapanda pamoja, juu kuliko ndege ile ilivyoundwa kufika, vikapanda mpaka vikawa kama nzi wawili kwenye kioo, na Domo, machozi yamemjaa ndani ya kofia, haoni vizuri, hawazi vizuri, akamuaga rafiki yake kama marubani wanavyoagana siku zote: akatikisa mabawa, kulia, kushoto.

Wakati huohuo mtoto alifumbua macho, akaomba chai. Homa imekwisha, harufu imekwisha. Mama yake alikuwa bado anacheka na kulia kwa pamoja mlango ulipogongwa usiku ule. Domo alikuwa amesimama nje, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema. "Kaniambia nikwambie hakurudi nalo."

Mama akakaa sakafuni. Mtoto akasogea hadi mlangoni. Akamtazama Domo, kisha akatazama juu ya bega la Domo, pasipo na mtu, akaziba pua.

"Mama, funga mlango," akasema. "Anko asiingie nalo."

Domo akarudi nyuma mwenyewe. Kuna jambo moja hakumwambia shemeji yake: alipotikisa mabawa, kule juu vilivyomjibu vilikuwa viwili: ndege ya Kipanga, na lile duara.

Mlango ukafungwa. Akakaa kwenye ngazi. Nyumbani mapacha walikuwa wanamsubiri, naye hakuthubutu kwenda.